Shamba la Betri

Sikizani, wanangu. Idris, niinue kidogo kwa huo mto, nawe Ruqaiya uache kulia, maana pumzi niliyo nayo ni ya kuazima, na nimechoka, wallahi nimechoka, na kelele zenu zaidi kuliko na ugonjwa.

Nyumba hii ya Faza gawaneni kama sharia isemavyo, sina neno. Neno ni lile shamba la nyuma, walilokodi wale wageni wakayeyusha betri za gari wapate madini ya risasi ya kuzamishia nyavu, wakaenda zao na faida, wakatuachia sumu kwenye udongo wa nti yetu, hata mjukuu wangu Husni alipopimwa damu risasi ikaonekana imo. Mai yakimwagika hayazoleki, kuwalaani kumetosha.

Idris, wewe wataka umwage saruji juu yake ujenge vyumba vya kupangisha. Ruqaiya, wewe wataka udongo wote ufukuliwe ukatupwe mikokoni. Tangu Ramadhani hampeani hata salamu, watoto wa tumbo moja! Bi Gakii, yule afisa wa mazingira, alikaa hapa kitandani akaniuliza: kwa kila ndia mtakayoifuata, ni nani atakayeugusa udongo huo, na nani atakayeyanywa mai yake? Basi fanyeni vivyo. Mwenye rai amtaje kwanza atakayeumia kwa rai yake, amtaje kwa jina, na huyo aitwe naye aseme. Huko mikokoni, Ruqaiya, ni nani huokota kaa? Na kisima cha jirani, Idris, kitapona kwa saruji yako? Mwenye kovu usidhani kapoa. Mpaka muafikiane, shamba lizungushwe ua, kisima chetu kifungwe, na asiuze mtu.

Nami nimejipima kwa mizani hiyo hiyo. Mwajua miaka yote nimewausia mnizike pale pembeni mwa shamba hilo, ubavuni mwa kaburi la baba yenu Abdulwahid. Nikajiuliza, ni nani atakayechimba? Ni vijana wa mtaa na wana wenu wakubwa, kwa mikono yao, na vumbi lile puani. Basi msinizike pale. Nipelekeni makaburi ya msikitini. Roho yaniuma, siwafichi, yaniuma sana.

Baba yenu... mumuombee dua nje ya ua. Msiingie.

Peaneni mikono. Hapa, juu ya kifua changu, niihisi. Eeh. Radhi zangu... nyote wawili, na vizazi vyenu... Mola awatilie nuru.

Ruqaiya... mai. Ya mvua, mwanangu. Si ya kisima.