Mama Hapandi Basi

Benchi la Chang'ombe, nje ya banda la fundi baiskeli, lina kanuni zake: huongei mpaka Spika akuruhusu. Spika ni mzee Mazengo, aliyeingia bungeni kwa njia ya televisheni tu. Asubuhi hiyo Konsolata, muuza kahawa wa hapo, alimimina kahawa midomo ameibana. Alihamia Dodoma kutoka Burundi na watoto wawili, bila mume. Sasa binti yake Yudith anatengeneza filamu yake ya kwanza kuhusu maisha hayo, na kesho wanapiga tukio la mwisho: mama anashindwa, anapanda basi, anarudi kwao peke yake. Konsolata hataki kuonekana ameshindwa; akaileta hoja hiyo benchini.

— Taarifa, Spika! — aliruka Shaaban, fundi ving'amuzi. — Basi lipinduke. Watu walie mara mbili.

— Hapana, — alisema Gerson wa bajaji. — Atokee tajiri wa mashamba ya zabibu, amuoe.

— Miaka yote hii huyo tajiri alikuwa wapi? — Konsolata aliuliza.

— Filamu hiyo, mama! — alijibu Gerson. — Au achimbe kisima, akute dhahabu.

— Dhahabu Chang'ombe? Maji yenyewe hatujayaona!

— Utaratibu! — Spika aligonga kikombe. — Nawahoji. Wanaoafiki mama apande basi, lisipinduke?

— Ndiyooo!

— Wasioafiki?

— Siyo, — alisema Konsolata, birika mkononi.

— Waliosema ndiyo wameshinda.

Penina, mgeni aliyeleta baiskeli kuzibwa pancha na kusikia hoja yote, alisogea.

— Shikamooni wazee. Huyo mama akishaondoka, jioni watoto anawapikia nani?

Spika aligonga tena kikombe.

— Swali hilo liende kwenye kamati.

— Kamati ni mimi, — alisema Konsolata.

Miaka ile, watoto wakiwa wadogo, aliwahi kufika stendi kweli, begi mkononi, nauli tayari. Akakumbuka ameacha maharage motoni. Akarudi, akayatia chumvi, watoto wakala. Hakuwahi kumwambia mtu. Alitoa simu.

— Yudith, mama anafika stendi. Anakumbuka ameacha maharage motoni, anarudi nyumbani.

— Sasa mama, hapo nani atalia?

— Wasipolia, shauri yao. Kesho nakuja kuyapika mwenyewe. Mtanipiga picha nikipika.

Alikata simu, akanyanyua birika na jiko lake.

— Na kahawa? — Spika alinyoosha kikombe.

— Kikao kimeahirishwa, mzee wangu. Naenda kuchagua maharage.