Mgongo wa Kadi ya Kipa

Zimeni hiyo redio, mje mkae upande huu ninakoona. Wewe kifungua mimba wangu, usisimame mlangoni kama mgeni. Leo nina hasira na wewe na nataka uzipokee ukiwa umekaa. Dada yako ataandika. Nikinyamaza msinijazie maneno, nitakuwa navuta pumzi tu.

Nyumba ni yenu wawili, hilo halina mjadala. Meza yangu ya kazi, lenzi, vibano na vile vijiti vya mwanzi nilivyochonga mwenyewe ni vya binti yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa na mimi akajifunza. Kadi zilizomo kwenye droo ya juu ni za watu. Kila moja ina bahasha yenye jina la mwenyewe, na zirudishwe zote, hata ambazo sijazimaliza.

Sasa tuje kwa Kipa, ile kadi ya golikipa niliyoiweka koponi.

Miaka yote hii watu wameniita Daktari wa Kadi. Wameniletea kadi zenye picha za wachezaji wa zamani zilizogandia kwenye madaftari ya utotoni, zilizobandikwa kwa gundi, kwa selotepu, kwa uji wa unga, na nimezibandua. Na wewe, nikiwa nimelazwa hospitali, ukafungua kopo langu, ukamtoa Kipa, ukamtumbukiza kwenye beseni la maji ya moto kama soksi! Eti mnunuzi amekuambia akitakata mgongo atapanda bei, na simu yako imekuonyesha mtu akifanya hivyo kwa dakika mbili. Umekulia kwenye meza yangu ukinisikia nikisema kadi si karatasi moja, ni karatasi kadhaa zilizoshikana, na maji ya moto hayajui ipi ni uchafu na ipi ni kadi. Ulikuwa unanisikiliza kwa masikio ya nani? Pembe moja imefumuka. Uso wa Kipa umefanya mawimbi. Dada yako asingeingia jikoni akamwopoa, ungeniletea uji.

Usilie. Sijamaliza.

Hivi hukujiuliza kwa nini fundi anayesafisha kadi za mji mzima aliiacha yake na karatasi mgongoni? Baba yenu mdogo alijiuliza. Tulizikusanya pamoja mimi na yeye, zikitoka kwenye pakiti za majani ya chai. Zangu niliziandika jina nyuma kwa wino wa buluu. Yeye zake aliziandika kwa penseli, maana kalamu ya wino ilikuwa yangu na sikumwazima. Kisha akazibandika zote kwenye daftari moja kwa uji wa unga. Tulipomzika baba yetu tukaanza kugawana vitu, kila mmoja akasema Kipa ni wake. Nikamwita mwizi mbele ya watu waliotoka makaburini. Yeye akacheka. Akasema, "Kaka, fundi si wewe? Mbandue basi tuone." Nikaukata ukurasa wenye Kipa kwa wembe nikaondoka nao. Kila tulipokutana sokoni aliniuliza, "Kaka, bado tu hujambandua?" mpaka nikabadilisha njia. Alipokufa mwaka jana sikwenda kumzika. Niliwaambia kiuno kinaniuma. Kilikuwa hakiniumi.

Juzi nilimuuliza dada yako maji ya beseni yalikuwa na rangi gani. Akasema, "Meupe, baba, kama yalivyotoka kwenye birika." Nikamuuliza mara tatu. Wino wangu ule ulikuwa unatoka hata kwa jasho la kidole. Penseli haitoki kwa maji.

Kwa hiyo hasira hii, mwanangu, nusu yake si yako. Pembe iliyofumuka ni yako, na utaiombea msamaha kwa mwenye kadi. Mimi nilikuwa na pamba, maji na kijiti mezani kila siku. Ni kazi ya nusu saa. Nikaikimbia nusu saa hiyo mpaka mdogo wangu akaingia kaburini na jina la mwizi nililompa mimi.

Ngojeni… nipumue kidogo.

Utakwenda kumleta binti wa baba yenu mdogo. Nenda mwenyewe kwa miguu yako, usipige simu. Aje akae pale mezani aone kwa macho yake. Binti yangu, maji yachemshwe yakapoe. Pamba iwe na unyevu tu, isidondoshe. Lowesha karatasi ya mgongoni, usiloweshe kadi. Ngoja ilainike. Kijiti kitoke ukingoni kwenda ndani, na usisugue, penseli inafutika. Usivute hata kama imebaki kidogo. Jina likitokea, lisome kwa sauti. Mpe binti huyo kadi mkononi na umwambie baba yake hakuwa mwizi. Litamke hivyo hivyo, mwizi, kwa sababu nililitamka mbele za watu.

Nimewapa radhi zangu. Mungu awape mikono yenye subira kuliko yangu. Wote wawili. Usinitazame hivyo, na wewe pia.

Mbona bado umekaa? Vaa viatu. Na wewe, binti yangu, weka birika motoni… yanachukua muda kupoa. Kama nitakuwa nimelala, niamsheni. Nisipoamka, endeleeni.

Mlango uacheni wazi. Nataka kusikia hatua za mtoto wa mdogo wangu.