Amri ya Kufuta

Basi la kutoka mtaa wa Jebel lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo Jael, mwalimu wa shule ya msingi, aliyasikia yote bila kutega sikio sana. Mbele yake kijana aliyejitambulisha kuwa Okumu alikuwa amepakata kompyuta, na mama wa Kiganda aliyeketi naye alitaka kujua anaandika nini.

"Amri, mama. Programu ya kliniki yetu inakaa kwenye kompyuta za mbali. Nikiandika 'pandisha', toleo jipya linapanda. Nikiandika 'futa', la zamani linaondoka."

"Inafuta tu, bila kukuuliza?"

Okumu alikiri kwamba Jumanne alifuta kisichopaswa kufutwa, na orodha ya chanjo za watoto ikapotea kutwa nzima mpaka alipoirudisha. Wauguzi hawakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma.

"Sasa nimeongeza swali: ndiyo au hapana."

"Utajibu ndiyo kama mtu anaitikia salamu. Ikulazimishe kuandika jina ya hiyo kitu unafuta, yote."

"Majina ni marefu, mama. Nitachelewa."

"Mimi iko na watoto sita. Nikikasirika, naita mmoja jina yake yote, mpaka ya ubatizo. Nikifika mwisho, mkono umeshuka bila kupiga."

Jael, mwenye darasa la watoto sabini, aliliweka hilo akilini.

"Kompyuta haina hasira," Okumu alisema.

"Wewe uko na haraka."

Basi likasimama kwenye soko la Konyo Konyo. Mama alishuka, na Okumu akabaki dirishani akimweleza kwamba baadhi ya majina yana herufi arobaini.