Mama Jua na Kitalu cha Tisa

Tarehe 14 mwezi uliopita tulipoteza kitalu cha tisa: mistari arobaini ya alizeti, iliyofyekwa asubuhi moja ili magari ya wageni yapate pa kuegesha. Ijumaa hii tunampoteza na mwenyewe. Mama Jua, mkuu wetu wa uboreshaji wa mbegu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja.

Alianza kama msaidizi wa maabara. Wengine walipima majani kabla ya ua kuchanua, wakashangaa mbona jani hodari halizai kichwa kizito. Yeye aliuliza jani linafanya nini baadaye. Kwa misimu sita alibana kipimo chake kwenye majani ya juu, kisha akapima mbegu za mmea uleule. Mmea ulioendelea kulitumia jua vizuri wakati mbegu zinajaa ndio ulioshinda mizanini: pale mbegu ya kawaida ilipotoa kilo mia, yake ilitoa mia na kumi na nane. Kitalu cha tisa kilikuwa cha kuthibitisha matokeo hayo.

Jina lake lilitokana na ukali. Kivuli chako kikigusa jani linalopimwa, utamsikia: "Wewe baba, sogea! Unamlia mwenzio chakula!" Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kusogezwa, akaishia mtaroni. Mumewe, fundi saa, hulalamika kwamba tangu waoane hajawahi kutazamwa kwa makini kama jani la alizeti.

Siku ile ya kufyeka hakupiga kelele. Aliokota kichwa kimoja, akapasua mbegu kwa ukucha, yakatoka maziwa. "Zilibakiza wiki tatu tu, jamani," akasema, akajifuta mikono, akaenda kuwapokea wageni walewale.

Tunaambiwa yaliyopita si ndwele. Hii ni ndwele. Kwenye chumba cha baridi imebaki mbegu yake ya kupanda mara moja tu, nayo kila mwaka inapungua nguvu ya kuota. Nafasi ya kazi anayoiacha haijatangazwa. Saa ya ukutani tumemnunulia, mke wa fundi saa! Yeye aliomba robo ekari ipandwe msimu huu, basi.

Mama Jua, asante. Ukapumzike kwenye kivuli cha kutosha, na asitokee wa kukuambia usogee.

Mkurugenzi, utakuwa meza kuu. Saa kumi jioni anakabidhi funguo. Kabla ya hapo, mwambie mbele yetu sote: kitalu cha tisa kitapandwa, au hakitapandwa?