Mama Soledad na Sakafu ya Ifil

Ndugu waombolezaji, majirani wa Inalahan na ninyi mliovuka kisiwa tangu alfajiri, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mama Soledad Naputi Quitugua alizaliwa hapa kijijini tarehe 3 Mei 1936, mtoto wa nne wa Mzee Vicente na Bi Rosario, akaanza shule mwaka 1945 vita vilipokwisha, akamaliza darasa la nane mwaka 1952, na tangu hapo hadi alipostaafu mwaka 1996 alikuwa mpishi wa shule, ingawa nyote mnajua kwamba kazi aliyopewa na Mungu ilikuwa sakafu.

Tarehe 24 Novemba 1956 alifunga ndoa na Joaquin, fundi seremala, aliyemjengea nyumba na kuitandika mbao za ifil, ngumu za kupinda misumari, na Mama akazilea sawasawa na alivyowalea wanawe wawili, Lucia na Tomas. Kila Jumamosi alifagia kwa fagio la chelewa, akakuna nazi kwenye mbuzi, akakamua tui la chakula, chicha akaifunga kwenye kitambaa, akapiga magoti na kusugua kwa kufuata mistari ya mbao, kisha akakanyaga kumbi la nazi kwa mguu mmoja na kulisukuma chumba kizima, kama anayecheza dansi peke yake. Maji, marufuku. Aliyesahau kuvua ndara aliulizwa, "Wewe, hii ni barabara?" Kwa jinsi ilivyong'aa, mchana mawingu yalipita sakafuni polepole, na watoto walilala kifudifudi wakiyatazama, wasijue kama wamesinzia au wako macho.

Aprili 1978, Tomas, huyu anayewasomea, alikuja likizo kutoka jeshi la majini, akamkuta Mama amelazwa kwa mawe ya nyongo, akaona amfurahishe, akanunua vanishi na kuipaka nyumba nzima, juu ya mafuta ya nazi ya miaka zaidi ya ishirini. Naona wenye sakafu mmeshaguna. Vanishi haikushika wala haikukauka, na siku ya sikukuu ya San Jose, mlinzi wa kijiji, mwanzoni mwa Mei, Mama akiwa ametoka hospitali, wageni walionasa nyayo mbele ya sahani za wali mwekundu walibaki wamesimama, Shangazi Dolores akapaza sauti, "Ee Tomas, umetutegea ulimbo? Sisi njiwa?" Nyumba ikaangua kicheko, isipokuwa Mama, ambaye alitazama chini, akasema, "Umeniulia sakafu yangu," akaokota kipande cha chupa na kuanza kukwangua, na Tomas alipoomba kusaidia akajibiwa, "Usiguse."

Alikwangua miezi kumi na moja. Tomas alirudi melini, na kwa aibu hakukanyaga nyumbani miaka tisa, na alipokuja mwaka 1987 kumzika baba yake, Mama alimpa mkono aubusu, akamuuliza kama amekula, habari ya sakafu hakuitaja, siku hiyo wala baadaye, naye Tomas hakuthubutu kuuliza. Neno lile, kwamba ameiua sakafu, lilimkaa kifuani, na linauma mpaka leo.

Tangu mwaka 2021 kumbukumbu zilianza kumtoka Mama. Akivuka sebule alipandisha gauni hadi magotini, akidhani sakafu ni bahari, akasema, "Leo maji yamepwa," na Lucia naye akapandisha lake, wakavuka pamoja wameshikana mikono. Alifariki kitandani kwake Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa kumi alasiri, akiwa na miaka 88.

Kesho yake Lucia na Tomas walisogeza kitanda chake ili kuandaa sakafu kwa rozari ya siku tisa, wakakuta chini yake ubao mmoja ambao haukukwanguliwa, vanishi ya 1978 imeganda, na ndani yake alama ya unyayo wa Tomas, vidole vyote vitano.

"Huo alinikataza," Lucia alisema. "Kila Jumamosi, 'Huo mguu wa mwanangu, sugua pembeni.' Mimi nilidhani unajua."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapishi wenzake wa shule, na majirani mliokuna nazi juzi na jana bila kuitwa. Mtakapoingia kwenye rozari vueni viatu, na ubao ule muuruke.

Lala kwa utulivu, Mama. Tutasugua pembeni.