Mzee Kliki Anaiacha Meza ya Gia za Nyuma

Sasa hivi tu mwanangu Pedali amekanyaga karatasi ya kwanza ya wasifu huu kwa mguu wenye grisi, akarudi nyuma kuitazama alama, akaipenda, akakanyaga tena. Kwa hiyo hii ni karatasi ya pili, nami naandika upesi kabla hajavua kiatu cha pili.

Mzee Kliki, fundi wa gia za nyuma katika karakana yetu, anastaafu leo Ijumaa tarehe ishirini na nane, baada ya kutumika miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara moja tu, nayo ni siku aliyokuja kwa baiskeli. Kila baada ya nguzo tatu alishuka kusikiliza gia zake mwenyewe. Tangu hapo huja kwa miguu. Kazi ya kuandika nimepewa mimi kwa sababu tunakaa meza moja, na kwa sababu wengine wote walipoulizwa waliingia mitini.

Aliajiriwa kama mfagiaji. Siku moja alikuwa akifagia chini ya baiskeli iliyotundikwa kwenye stendi, fundi wa wakati ule akizungusha pedali na kubadilisha gia, naye akasema bila kuinua kichwa, "Ya nne inaikwaruza ya tano." Akaambiwa afagie, aache umbea. Akafagia. Kesho yake mwenye baiskeli akairudisha analalamika: ya nne inaikwaruza ya tano. Wiki haikuisha, ufagio akapewa mtu mwingine.

Jina lake nalo lilitoka hapo hapo. Gia ikiingia vizuri husema kliki, mara moja. Ikisema kliki-kliki, kuna neno. Ikikaa kimya ndiyo mbaya zaidi, kama mtoto aliyenyamaza chumba cha pili.

Sheria yake ni moja, ameiandika kwa rangi nyekundu juu ya meza: SKRUBU ILAUMIWE MWISHO. Ule mkono mdogo unaoning'inia nyuma na kusogeza cheni kutoka gia hadi gia una skrubu mbili ndogo. Kazi ya skrubu hizo ni kuuzuia mkono usipitilize, cheni isiingie kwenye spoki wala isidondoke nje. Hazina kosa na mtu. Lakini ziko wazi, bisibisi iko mkononi, na binadamu ni binadamu. Kwa hiyo Mzee Kliki alizifungia bisibisi zote kwenye kabati la chai, ufunguo akautia ndani ya soksi. Aliyetaka bisibisi alijibu kwanza maswali matatu: Gurudumu limekaa sawasawa? Mkono umenyooka? Waya unateleza bila kukwama? Hata aliyetaka sukari aliulizwa hayo hayo, maana kabati lilikuwa moja.

Kazi inayosimuliwa mpaka leo ni ile ya baiskeli ya mwalimu. Ilikuwa ya matairi membamba, nyepesi kama ahadi. Asubuhi gia zake za nyuma ziliruka zenyewe kama zimeumwa na siafu, jioni zikatulia kama zimenyonyeshwa. Mafundi watatu waliihangaikia. Mmoja alibadilisha cheni, mmoja akabadilisha waya, na wa tatu akamshauri mwalimu ahame nyumba. Mzee Kliki hakushika chochote. Alimwuliza tu, "Asubuhi unabeba nini?"

"Chakula changu cha mchana."

"Unakining'iniza wapi?"

"Kwenye usukani."

"Na jioni?"

"Jioni si nimeshakila, mzee!"

Basi. Bakuli la chakula hicho, ndani ya mfuko, lilikuwa likiulalia waya wa gia pale unapopinda mbele ya usukani, likiuvuta kila baiskeli ilipodunda. Mwalimu akanunua mkoba wa mgongoni. Mafundi watatu wakaenda kunywa maji.

Miaka miwili iliyopita masikio yake yalianza kustaafu kabla yake. Hili ameniruhusu niliandike, tena amesema niliandike kwa sauti kubwa. Hakumwambia mtu. Alichukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha yake kwenye chuma cha baiskeli na mpini akauuma kwa meno, ili kliki zimfikie kwa njia ya mifupa. Wateja walidhani anaonja. Mmoja aliuliza kama chumvi imekolea.

Wakati huo mimi nilikuwa naosha cheni kwenye ndoo, Pedali yuko mgongoni. Meno yalipochoka, aliniita. "Mama Pedali, hiyo imesema nini?" Nikamjibu, "Imesema kliki na nusu." Naye, "Hiyo nusu itafute." Nilianza kuitafuta nusu. Siku nyingine niliipata kwenye waya uliochakaa, siku nyingine kwenye gurudumu lililofungwa upande upande. Siku moja niliipata kwenye biskuti ya mwanangu, iliyokuwa imekaa vizuri katikati ya gia ya sita na ya saba.

Sasa niseme jambo lililotuweka roho juu wiki nzima. Meneja wetu ni mtu mwema, lakini alitangaza kwamba Mzee Kliki akiondoka, meza hii itapangwa kofia za kuuza, na baiskeli zenye shida ya gia zitapelekwa karakana ya mtaa wa pili, kwa kuwa hapa hatabaki fundi wa kazi hiyo. Mimi nirudi kwenye ndoo. Mzee Kliki akasema fundi yupo. Meneja akauliza, "Yuko wapi?" Mzee hakusikia swali, lakini alikuwa ameshaninyooshea bisibisi.

Ikakubaliwa nijaribiwe leo asubuhi, mbele ya wote. Aliletwa msichana wa mashindano, ambaye Jumapili hii ana mbio. Baiskeli yake inarukaruka gia za katikati, na kuipanda ile kubwa kabisa inasita kama bibi harusi. Mzee Kliki alikatazwa kushika na kusema. Alikaa kwenye stuli, amekunja mikono, ameuma bisibisi yake kama mtoto na chuchu ya plastiki.

Naungama hapa, maana wote mliona: nilianza na skrubu. Robo mzunguko tu! Cheni ikapitiliza, ikajikita kwenye spoki, gurudumu likakwama. Mzee akafumba macho. Fundi wa matairi alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Nikaichomoa cheni, nikairudisha skrubu ilipokuwa, nikaweka bisibisi chini. Gurudumu limekaa sawasawa? Limekaa. Mkono umenyooka? Nikachuchumaa nyuma ya baiskeli, nikafumba jicho moja. Haukunyooka hata kidogo. Kile kipande cha chuma kinachoushikilia kilikuwa kimepinda kwa ndani, mkono wote umeinama kama jirani anayechungulia sufuria.

"Dada, imeanguka hii?"

"Haijaanguka hata siku moja!"

"Umeilaza?"

Akalitazama gurudumu. Kisha akasema, "Niliilaza kwenye gari, upande wa gia. Shangazi akaweka mabegi yake juu."

"Mazito?"

"Shangazi akisafiri anabeba na pasi."

Nikafunga rungu, ile fimbo ndefu ya chuma ya kunyooshea kipande hicho, nikavuta taratibu, nikipima umbali wake na ukingo wa gurudumu, juu, chini, mbele, nyuma, mpaka pote pakalingana. Nikakaza waya robo kwa robo. Nikazungusha pedali, nikapandisha gia zote kumi na moja, nikazishusha. Kliki, kliki, kliki, moja moja. Mzee Kliki alitoa bisibisi mdomoni akaipangusa. Hakusema neno, maana alikatazwa.

Msichana ameipeleka kwenye mlima wa nyuma ya stoo, kwa sababu baiskeli kwenye stendi hudanganya na baiskeli kwenye mlima haiwezi. Meneja amesema akirudi ndipo tutajua kama hii ni meza ya gia au ya kofia. Msichana ameondoka muda sasa. Naandika sikio moja liko mlangoni.

Mzee Kliki, wafanyakazi wote wa karakana wanakushukuru. Umetufundisha kuuliza kabla ya kukaza. Ondoka na stuli yako, kwani hakuna mwingine anayeweza kuikalia bila kupinduka. Tunakutakia siku nyingi za raha, usingizi wa mchana usiodaiwa na mtu, wajukuu wanaozungumza kwa kelele, na kila mlima utakaoupanda

Msichana amerudi, amepita dirishani anapunga mkono. Meneja anaita kutoka mlangoni, "Fundi wa gia! Kuna wateja wawili hapa!" Nimemgusa Mzee bega nikidhani hakusikia. Kumbe amesikia. Anasema, "Siitwi mimi. Inuka, mama," kwa hiyo kalamu naiacha hapa na