Kava la Indravadan

Miaka ile kompyuta za mitumba zilianza kumwagwa Kariakoo kama viatu vya Mchikichini. Basi la Posta lilikuwa nusu tupu, na Bi Shobhana aliikumbatia kompyuta mpakato ya marehemu mumewe kama mtoto aliyetoka kuchanjwa. Mwanamume wa kiti cha pili akaitupia jicho.

"Shikamoo mama. Mimi Talha, fundi wa hizohizo. Mashine ya zamani hiyo, lakini ngumu!"

"Marahaba. Mafundi wa Kariakoo wameiongezea memori, wamebadilisha na feni."

"Na kava jipya! Hapo wamekutendea haki."

Talha, kama mafundi wengi, aliona kila kitu isipokuwa uso wa mwenye mashine.

"Kava sikuomba," alisema Shobhana. "Lile la zamani lilikuwa na ufa, sawa. Lakini kila Diwali tukibariki vitabu vya duka, marehemu mume wangu Indravadan alilipaka alama nyekundu ya baraka, kwa kidole chake. Ile ya mwisho ilikuwa bado ipo."

"Si utapaka nyingine, mama?"

"Kwa kidole cha nani?"

Talha akakuna kichwa. "Kariakoo hatutupi kitu. Kava lenye ufa linatiwa gundi, linavalishwa mashine nyingine. Pengine limeshauzwa."

Shobhana akatazama nje. Watu walipita na mikoba yao, na mkoba wowote ungeweza kuwa umebeba kidole cha Indravadan.

Basi likasimama Posta.

"Siku likifika mezani kwako, mwanangu," alisema akiinuka, "gundi tia. Ila usilifute."